Wa Nguo Nyekundu, Sogea Kushoto

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi nimewashonea nguo wasichana wanaocheza kwenye video za muziki hapa Kigali. Kibanda changu kiko Nyamirambo, upande wa Biryogo, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya dukani na msikitini zamani sana kabla Bunge halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Wageni hushangaa wakinikuta. Najifunga mtandio, naswali, na mikono hii hii ndiyo iliyokata sketi ambazo watu wamezipigia kelele redioni. Sioni haya kuyasema. Ila kila nikisikia mjadala kuhusu wanawake kwenye video, unaanza na urefu wa nguo na unaishia hapo hapo. Mimi niliyeupima urefu huo kwa futikamba nasema ndio jambo dogo kuliko yote. Makubwa yako kwingine, na imenichukua muda kuyaona.

Utotoni nilijua wanawake wa aina mbili wanaocheza. Wa kwanza alikuwa kwenye televisheni ya taifa, iliyoanza mwaka 1992 na ambayo kwa miaka mingi hatukuwa na nyingine. Alivaa umushanana, sketi ndefu na kitambaa kilichopita begani, akainua mikono ikapinda kama pembe za ng'ombe wa inyambo, akateleza polepole bila kutazama kamera. Redioni kulikuwa na Cécile Kayirebwa, aliyeimba kutoka uhamishoni Ubelgiji, na Kamaliza, sauti ya wapiganaji wa RPF, aliyefariki mwaka 1996. Mama alizima cherehani ili awasikilize.

Wa pili hakuonyeshwa popote. Usiku wa hina wanaume walitoka nyumbani, watoto wa kiume wakapelekwa kwa jirani, mlango ukatiwa komeo. Ndani, kanga zikafungwa kiunoni, ngoma zikaanza, na mama zetu, wale wale waliopita barabarani wameinamisha macho, wakakata viuno mpaka jasho likawatoka. Somo alisimama katikati akimwonyesha biharusi. Namkumbuka shangazi yangu mmoja, mnene, mwenye kisukari, akishuka taratibu mpaka karibu na mkeka na kupanda tena bila kushika kitu, wenzake wakimtunza noti za faranga kwenye paji la uso na kumpigia vigelegele. Hakuna aliyemwita malaya. Kulikuwa na mafunzo pale, kulikuwa na mzaha, na kulikuwa na fahari ya mwili uliozaa na kulea. Asubuhi mlango ulifunguliwa na kila mmoja akarudi na heshima yake.

Kwa hiyo nikiambiwa kwamba kiuno kimeletwa na wageni, nacheka. Hata umushanana unaosifiwa kuwa ndio utamaduni wenyewe ulikuja na vitambaa vya dukani. Kabla yake wanawake walivaa inkanda za ngozi na impuzu za magome ya miti. Na yule wa mikono ya pembe naye picha yake ilichorwa na wengine. Kwa Kinyarwanda msichana husifiwa macho ya ndama na mwendo wa inyambo, na ni sifa tamu masikioni, lakini ng'ombe huyo huyo ndiye anayetolewa mahari. Ngoma zilizomchezesha hakuruhusiwa kuzipiga. Ilibidi mtu kama Odile Gakire Katese aanzishe kundi la wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, kule Huye mwaka 2004, ndipo tukaona mwanamke ameshika vijiti viwili mbele ya ngoma kubwa na dunia haikupasuka.

Mwanamke wa tatu alikuja kwa dishi la satelaiti na kwa flashi. Miaka ya 2000 saluni za Nyamirambo zilikuwa na televisheni juu ya kioo, na bongo fleva ilikuwa haizimwi. Tulimpenda Saida Karoli, tulimpenda Lady Jaydee, na Ray C alipokata kiuno tuliacha kusuka tukamtazama. Sikuona ubaya. Ray C alikuwa ameshika kipaza sauti, wimbo ulikuwa wake, jina lililoandikwa lilikuwa lake. Kama alifungua mlango wa usiku wa hina, aliufungua mwenyewe.

Video za Marekani zilikuwa kitu kingine. Vijana wa mtaani walikuwa na video ya mwanarapa Nelly iitwayo Tip Drill, ya mwaka 2003, wakiipokezana. Mle ndani mwanamume anapitisha kadi ya benki katikati ya makalio ya mwanamke, kama mashine ya dukani. Wavulana walicheka. Mimi nilitafuta uso wa yule mwanamke, nikagundua kuwa hauonyeshwi. Baadaye sana nilikuja kusoma kuwa mwaka 2004 wanafunzi wa Spelman, chuo cha wanawake weusi kule Atlanta, walisema Nelly akija chuoni kwao kwa shughuli ya hisani awajibu kwanza kuhusu video hiyo, na shughuli yenyewe ikavunjika. Hatukupata habari zao wakati ule. Video ilitufikia upesi, majibu yake yakachelewa miaka, na ndivyo ilivyokuwa kwa mambo mengi ya wakati huo.

Haikupita muda vijana wa Kigali wakanunua kamera, nami nikapata kazi. Mwanzoni sikushona. Nilikuwa nanunua chagua, mitumba ya Kimironko na Nyabugogo, nakata, nabana, nakodisha. Msichana alipewa nguo asubuhi na kuirudisha usiku, na kama imechanika fidia ilikatwa kwenye nauli yake. Nauli ndiyo malipo aliyopata, nauli na sahani ya chakula.

Siku moja tulikuwa kilimani Rebero, mji wote uko chini yetu. Gari la kifahari lilikuwa la kuazima, na mwenyewe alisimama pembeni akilifuta vumbi kila baada ya dakika chache. Wasichana walikuwa wamesimama tangu saa mbili asubuhi kwa viatu virefu juu ya changarawe. Mwongozaji hakujua jina la hata mmoja. Aliwaita kwa kazi yangu: "Wa nguo nyekundu, sogea kushoto. Wa bluu, lala juu ya boneti. Wa dhahabu, geuka, uso siuhitaji." Wa bluu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Shangazi, wimbo unasemaje?" Hakuwa ameusikia. Nikamwambia unamhusu mwanamke aliyemkimbia bwana kwa ajili ya fedha. Akasema, "Kumbe huyo ndiye mimi," akapanda kwenye boneti iliyokuwa imepata jua la saa sita.

Video ilipotoka tuliitazama saluni mpaka mwisho, mpaka kwenye maandishi ya shukrani. Hoteli ilishukuriwa. Duka la simu lilishukuriwa. Mwenye gari alitajwa majina yake mawili. Wasichana hawakuwemo. Pale ndipo nilipoanza kuelewa kinachonikera, ingawa sikuwa na namna ya kukieleza.

Namna hiyo niliipata kwa mteja, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuja kupunguziwa gauni la mahafali. Aliniambia kuhusu Laura Mulvey, mwanamke wa Kiingereza aliyeandika makala mwaka 1975 akisema kuwa katika sinema nyingi mwanamume ndiye anayetazama na kutenda, na mwanamke amewekwa ili atazamwe. Kamera yenyewe hukopa macho ya mwanamume na kutuazima sote, hata sisi wanawake tulioketi ukumbini. Yule binti akanifundisha jaribio ambalo nimelifanya mara nyingi tangu wakati huo. Zima sauti. Ziba kwa kiganja upande aliosimama mwimbaji. Kisha uliza: hawa waliobaki wanafanya nini, wanakwenda wapi, wanaongea na nani? Katika video nyingi nilizovalisha hawakuwa wakifanya lolote. Walikuwa wakingoja.

Wapo wanaosema huu ni ufeministi wa kutafuta makosa, kwamba video ni burudani na picha haimdhuru mtu. Mahali pengine huenda hoja hiyo ina uzito. Hapa Rwanda sidhani. Desemba 1990 gazeti la Kangura lilichapisha zile ziitwazo amri kumi, na ya kwanza kabisa ilimhusu mwanamke wa Kitutsi: Mhutu yeyote atakayemwoa, kumfanya hawara au kumwajiri karani ni msaliti. Vikaragosi vya gazeti hilo vilimchora akiwa chambo cha kuwanasa wanaume. Mwaka 1994 tulikuwa katika Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Mahakama ya kimataifa ya Arusha, iliyosikiliza kesi za mauaji hayo, katika kesi ya Akayesu mwaka 1998, ilikuwa ya kwanza ya kimataifa kuhukumu kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Na katika kesi ya vyombo vya habari vilivyochochea mauaji hayo, mwaka 2003, majaji walisema kwamba kwa kumchora mwanamke wa Kitutsi kuwa adui kwa namna ile, Kangura ilitengeneza mazingira ambamo kushambuliwa kwake kingono lilikuwa jambo la kutarajiwa. Silinganishi video ya mapenzi na Kangura. Anayefanya hivyo anawakosea heshima waliokufa. Nasema tu kwamba katika nchi hii hakuna anayeweza kuniambia kuwa picha ya mwanamke ni picha tu.

Serikali za kwetu ukanda huu zimelishughulikia suala hili kwa njia moja, nayo ni adhabu. Nimeona adhabu hizo zinavyogawanywa. Sheria ya Uganda dhidi ya ponografia ilisainiwa mwaka 2014, na Novemba ya mwaka huo huo mwimbaji Jemimah Kansiime, ajulikanaye kama Panadol wa Basajja, akakamatwa kwa video ya Ensolo Yange na kukaa mahabusu wiki kadhaa; Mahakama ya Katiba ilivibatilisha vifungu vya sheria hiyo mwaka 2021, wakati wiki za Kansiime mahabusu zilikuwa zimeshapita. Tanzania mwaka 2016 walimfungia mwimbaji Snura kwa video ya Chura. Hapa kwetu mwaka 2018 Tume ya Itorero, ya mafunzo ya uzalendo, ilimvua mwanamuziki Oda Paccy heshima ya Indatwa kwa sababu ya picha ya kutangazia wimbo wake Ibyatsi. Mwaka 2022 msichana wa miaka 24 aliwekwa ndani kwa gauni la kuonyesha mwili alilovaa kwenye tamasha la mwimbaji Tayc pale BK Arena, kabla ya kuachiwa kwa dhamana. Huyo hakuwa mwimbaji wala mnenguaji. Alikuwa mtazamaji aliyekata tiketi.

Siku zile za 2022 kibanda changu kiligawanyika. Wateja wenye umri wangu walisema afungwe, heshima imepotea. Fundi mwenzangu, kijana wa kiume, aliuliza swali ambalo hakuna aliyemjibu: kwenye jukwaa na kwenye skrini siku zote hizo wanawake wamevaa pungufu ya hapo, na mwanamume aliyewavisha hivyo amewahi kuitwa polisi?

Kusema haki, wanaume nao hufungiwa. Tanzania waliufungia wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond mwaka 2018, na Kenya mwaka 2019 bodi ya filamu iliuzuia Taka Taka wa Alvindo, ambamo mwanamke anaitwa takataka. Uamuzi huu wa Kenya naona ulilenga penyewe, kwa sababu uliigusa dharau iliyo ndani ya wimbo na si kipande cha nguo. Lakini ukiziweka kesi hizi pamoja unaona mpangilio: mwanamume hufungiwa maneno aliyoyatamka, mwanamke hufungiwa mwili wake.

Mabadiliko niliyoyaona kwa macho yangu yalitoka kwa wanawake walioingia studio. Tulikuwa nchi ya ajabu kidogo. Mwaka 2008 Bunge letu lilikuwa la kwanza duniani kuwa na wabunge wanawake wengi kuliko wanaume, na mwaka 2013 wakafika asilimia 64. Kwenye muziki hesabu ilikuwa nyingine. Mashindano makubwa ya wakati ule, Primus Guma Guma Super Star, yalianza mwaka 2011 kwa fedha za bia: akashinda Tom Close, kisha King James, Riderman, Jay Polly. Mwaka 2015 akashinda Knowless Butera, na Nyamirambo tulipiga vigelegele kama tumeozesha. Misimu ilifika 8, mwisho mwaka 2018, na mwanamke mshindi akabaki yeye peke yake.

Hata hivyo ushindi ule ulifungua kitu. Mwaka uliofuata Charly na Nina walikuwa wakisikika katika kila daladala kwa wimbo wao Indoro, na wasichana waliokuja kibandani wakaacha kuuliza watavaa nini kwenye video ya fulani. Walikuja na video zao. Waliniletea michoro, walibishana nami kuhusu kola. Na mwaka huo huo wa 2016 serikali ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola mbili na nusu kwa kilo. Chagua ikapanda bei, ikabidi nishone kuanzia kitambaa. Nguo ya kukodisha haina mazungumzo, unaichukua ilivyo. Ya kushonwa ina vipimo, ina majaribio, ina maswali: hapa pabane au palegee, ukiinama utakuwa huru? Kwa mara ya kwanza nilikuwa nawauliza wasichana wanataka nini, na wengi walichukua muda kujibu kwa sababu hawakuwahi kuulizwa.

Nisipambe mambo. Mwimbaji mmoja, mwanamke, alilipia video yake mwenyewe na kumchagua mwongozaji mwenyewe. Kwake aliagiza suti ya suruali, nzuri, ya mikono mirefu. Kwa wanenguaji aliagiza vitambaa ambavyo hata sijui niviite nini. Nikamuuliza kwa nini. "Fundi," akasema bila hasira, "video bila hao haifunguliwi." Alikuwa anasema kweli ya biashara. Kwenye YouTube mtu huona kwanza kipicha kidogo, akakibonyeza au akakipita, na katika wimbo wa dakika tatu kipicha kile kilikuwa kimekatwa kiunoni mwa msichana aliyeonekana kwa sekunde chache. Hapo niliona kuwa kumkabidhi mwanamke kiti cha bosi hakutoshi ikiwa duka ni lile lile na wateja ni wale wale. Wanenguaji wake nao hawakutajwa mwishoni.

Siku hizi simu imeirefusha hadithi. Wasichana hujirekodi chumbani, mlango wameufunga kama mama zetu walivyoufunga usiku wa hina, kisha wanaipeleka video mtandaoni kwa vidole vyao. Wako wanaofurahia, na najua furaha ile, niliiona kwa shangazi. Tofauti ni kwamba shangazi alijua ni nani waliomo chumbani, na asubuhi wote walinyamaza. Mtandao haunyamazi. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema msichana akijianika mwenyewe basi hakuna la kujadili. Na siwakubali pia wanaotaka afungwe. La kujadili ni kama anajua nani ataiona, nani ataiuza, na kama akibadili nia anaweza kuirudisha.

Mwaka jana binti wa dada yangu aliitwa kwenye video. Dada akaja mbio akitaka nimkataze. Sikumkataza. Nilimwambia binti aulize mambo matatu kabla hajavaa: wimbo unasema nini, jina lake litaandikwa, na picha zake zitatumika wapi zaidi ya hapo. Waliandika jina. Maneno ya wimbo walimtumia kwenye simu, akaimba jikoni mpaka tukachoka. Swali la tatu hawakuwa na jibu. Akaomba karatasi, wakaiandika pale pale kwa kalamu, mistari minne. Sketi aliyoichagua ilikuwa fupi. Niliikata mimi, na dada hakunisemesha mpaka Idi.

Nami nimebadili masharti ya kazi. Mwongozaji akija kuchukua nguo, namwomba orodha ya majina ya watakaozivaa, na kila jina nalishona kwa uzi ndani ya kiuno cha vazi. Nguo hazitoki bila orodha. Wengine hukasirika, wakasema Nyamirambo ina mafundi wengi, wakaenda. Nawaacha waende. Wanaobaki nawatoza zaidi, kwa sababu kushona majina kunachukua muda, na muda wangu nao una bei.